Dainamomita ya kujitengenezea kwa injini ndogo: breki, pampu ya mafuta, jenereta au gurudumu zito?

Anayetaka kupima nguvu ya injini ndogo, iwe ya pampu ya maji, ya mashine ya kukata nyasi au ya pikipiki, huanza kwa kuuliza ni dainamomita ipi, yaani kipimo kipi cha nguvu ya injini, itampa namba sahihi. Swali hilo lina maana, ila lina la kulitangulia: joto litaenda wapi? Injini ya kilowati 4 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, kila inachotoa kwenye shafti kinageuka joto ndani ya kipimo chako. Ni kama birika mbili kubwa za umeme zinazochemka bila kuzimwa. Kipimo kisicho na pa kulipeleka joto hilo kitaungua, na kabla ya kuungua kitakuwa kimeshaanza kukusumbua.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo fundi mwenye karakana ya kawaida anaweza kuzijenga. Zote zinafanya kazi, ila kila moja ina injini inayoifaa na mtu inayemfaa.

## Msingi wa hesabu

Hakuna kifaa kinachopima nguvu moja kwa moja. Tunapima torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kisha tunapima mwendo wa shafti. Kilowati ni torki kwa nyutoni-mita, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549.

Torki inapatikana kwa ujanja wa zamani. Kile kinachoizuia injini, kiwe breki, pampu au jenereta, hakifungwi kwenye meza. Kinaachwa huru kwenye beringi zake ili bodi nzima itake kuzunguka pamoja na shafti, halafu kinazuiwa na mkono mmoja wa chuma unaokandamiza mizani. Mizani inasoma kani, wewe unajua urefu wa mkono, na torki ni kani mara urefu huo. Mkono na mizani viwe pembemraba.

Urefu wa mkono unaweza kukuondolea hesabu. Ukiukata uwe milimita 974, kutoka katikati ya shafti hadi pale unapogusa mizani, basi kilo zinazosomeka mara mizunguko, gawanya kwa 1,000, ndizo kilowati. Milimita 716 zitakupa nguvu farasi za kimetriki kwa hesabu ileile. Mimi napenda nusu ya ule wa kwanza, milimita 487, na nagawanya kwa 2,000, kwa sababu mkono mfupi unaipa mizani kilo nyingi zaidi za kusoma. Injini ya kilowati 4 kwa mizunguko 3,600 inasukuma mkono huo kwa kilo 2.2 hivi. Usiende kununua mizani ya kilo 50 kwa kazi hiyo.

## Vigezo nilivyotumia

Joto: linaenda wapi, na unaweza kupima kwa muda gani kabla halijakuzidi.

Tabia ya mzigo: mwendo wa injini ukishuka kidogo, mzigo unapungua, unabaki palepale, au unaongezeka? Wengi wanakwama hapa bila kujua sababu. Mzigo unaopungua pamoja na mwendo unaiacha injini itulie. Usiobadilika unatulia tu pale ambapo torki ya injini inapanda mwendo ukishuka, yaani juu ya mwendo wa torki kubwa kabisa. Unaoongezeka unaizima injini.

Ukweli wa namba: unatafuta thamani halisi, au unataka tu kujua kama kabureta mpya imeongeza kitu? Hayo ni mahitaji mawili tofauti.

Ujenzi: vifaa, kuchomelea, kukereza, umeme.

Hatari: kila njia ina namna yake ya kuumiza.

## 1. Breki ya msuguano

Ndiyo mama wa zote. Mfaransa Gaspard de Prony aliibuni mwaka 1821: mbao mbili zimebana shafti, mkono mrefu, uzito mwishoni. Leo diski ya breki ya pikipiki inakaa kwenye shafti, na kaliperi, yaani kile kibanio cha pedi, inafungwa kwenye mkono ulio huru kuzunguka. Unabana breki taratibu na kusoma mizani.

Joto. Huu ndio udhaifu wake. Diski ya chuma ya kilo moja na nusu, ikipokea kilowati 4, inapanda karibu nyuzi 5 za Selsiasi kila sekunde. Nusu dakika tu na umeshaongeza nyuzi 150, kabla ya kuhesabu kiasi kidogo kinachochukuliwa na upepo. Dawa ya zamani ni kutumia ngoma badala ya diski, yenye ukingo wa ndani unaoshika maji inapozunguka. Maji yanachemka na kuondoka na joto. Kwa kilowati 4 yanayogeuka mvuke hayafiki lita 7 kwa saa, kiasi ambacho unaweza kukijaza kwa mpira mwembamba.

Tabia ya mzigo. Ukibana kwa nguvu fulani unapata torki fulani, mwendo uwe wowote. Kwa injini yenye torki kubwa kabisa kwenye mizunguko 2,500, utapima vizuri kuanzia hapo kwenda juu. Ukishuka chini yake, injini inakufa mkononi mwako. Kabureta haina kosa hapo, ndivyo mzigo wa msuguano ulivyo. Tena pedi zinashika na kuachia. Mara ya kwanza nilipojaribu, mshale wa mizani uliruka kati ya kilo moja na nusu na kilo tatu, na mkono wote ulikuwa unagonga kama mlango kwenye upepo. Nikafunga shokapu kuukuu ya baiskeli kati ya mkono na meza, nikazipiga pedi msasa, na mshale ukatulia kwenye kilo 2.2, ukitetemeka kidogo tu.

Ukweli wa namba. Ni mzuri kuliko sura yake. Pedi zikipata moto msuguano unabadilika, lakini mkono unapima torki iliyopo wakati huo, haujali imetokana na nini. Kinachotakiwa ni kusoma mizani na mwendo kwa pamoja.

Ujenzi. Rahisi kuliko yote: vyuma chakavu, beringi mbili, mizani.

Hatari. Pedi zikishika ghafla mkono unarushwa. Weka vizuizi imara juu na chini yake, na usisimame kwenye njia yake.

Anayefaa. Mwenye injini isiyozidi kilowati 5, anayetaka jibu kwa vipimo vifupi.

## 2. Pampu ya mafuta ya haidroli

Injini inazungusha pampu ya gia, mafuta yanapita kwenye vali unayoifunga polepole, kisha yanarudi kwenye tangi. Pampu inayosukuma mililita 10 kwa kila mzunguko itatoa lita 30 kwa dakika kwenye mizunguko 3,000. Presha ikifika bar 80, hiyo ni kilowati 4: bar mara lita kwa dakika, gawanya kwa 600.

Joto. Linaingia kwenye mafuta, nayo yanalipokea kwa utulivu. Lita 20 zitapanda nyuzi 40 kwa dakika sita hivi. Ukiongeza rejeta ya gari yenye feni kwenye mpira wa kurudisha, ambako presha ni ndogo, utapima muda mrefu zaidi.

Tabia ya mzigo. Hapa ndipo pampu inaponivutia. Vali ya sindano iliyoachwa kwenye nafasi moja inafanya presha ikue kwa mraba wa mtiririko. Mwendo ukishuka kidogo, mzigo unashuka zaidi, na injini inasimama pale ulipoiweka hata chini ya mwendo wa torki kubwa. Lakini usikosee vali. Ile ya usalama, inayofunguka presha ikifika kiwango, inashikilia presha moja, na ukiitumia kupimia utakuwa umejenga breki ya msuguano kwa gharama kubwa. Iwepo, ila iwe ya kukuokoa tu.

Ukweli wa namba. Usitegemee presha na mtiririko peke yake. Hesabu hiyo inakupa nguvu iliyofika kwenye mafuta, na sehemu imeshapotea ndani ya pampu. Weka pampu kwenye beringi na upime kwa mkono, kama kawaida. Kuna mtego mmoja: mipira ya presha inakakamaa ikijaa, na kukakamaa huko kunausukuma mkono. Ipitishe karibu na mstari wa shafti. Kisha, injini ikiwa imezimwa, ijaze mipira presha na uning'inize uzito unaoujua kwenye mkono ili uone kama mizani bado inasema kweli. Njia nyingine ni kufunga pampu kwenye meza na kuiweka injini yenyewe kwenye beringi. Torki ni ileile.

Ujenzi. Vifaa ni vingi na fitingi ni ghali, ila kukereza ni kidogo.

Hatari. Tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wa presha linaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi. Jeraha linaonekana dogo lakini ni la kukimbizwa hospitali. Usitafute uvujaji kwa kidole, tumia kipande cha kadibodi.

Anayefaa. Anayerekebisha kabureta au muda wa cheche na anahitaji kuishikilia injini kwenye mwendo mmoja, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati.

## 3. Jenereta na hita

Shafti inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye hita za kuchemshia zilizozama kwenye pipa la maji.

Joto. Hakuna njia nyingine nyumbani inayoliondoa joto kwa usafi namna hii. Linatoka kwenye mashine na kwenda kukaa kwenye maji, mbali na beringi na mizani. Lita 50 za maji zinapanda nyuzi moja kwa kila sekunde 52 zikipokea kilowati 4. Unaweza kupima nusu saa bila wasiwasi.

Tabia ya mzigo. Inategemea nani anadhibiti sumaku ya jenereta. Ukiipa mkondo usiobadilika kutoka kwenye betri, torki inapungua mwendo ukishuka, na kila kitu kinatulia. Ukiiacha na regyuleta yake, itajitahidi kushikilia volti ileile. Hita zitaendelea kudai nguvu ileile, na mwendo ukishuka torki itaongezeka. Injini inazama kwa sekunde mbili. Nimeona watu wakilaumu injini nzima kwa jambo hili.

Ukweli wa namba. Kuzidisha volti kwa ampea na kuita jibu nguvu ya injini ni kosa kubwa, kwa sababu hujui jenereta imekula kiasi gani. Oltaneta ya gari, kwa mfano, inaweza kupoteza karibu nusu ya inachopokea. Ukiiweka kwenye beringi na kupima mkono, upotevu wake haukuhusu tena, isipokuwa ule mdogo wa upepo wa feni yake.

Ujenzi. Oltaneta ya volti 14 na ampea 60 inatoa wati 840. Ukiongeza upotevu wake, itameza kilowati moja na nusu hivi, inayotosha mashine ya kufyekea lakini si injini ya pikipiki. Kwa kilowati 4 unahitaji kichwa cha jenereta halisi. Ni kizito, na beringi za kukibeba ziwe za ukubwa wake.

Hatari. Volti 230 karibu na pipa la maji. Weka waya wa kwenda ardhini, fyuzi, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na mfuniko. Hita zizimwe moja moja. Ukikata mzigo wote kwa pamoja injini inapaa, na volti inaweza kuruka na kuharibu vifaa.

Anayefaa. Anayeujua umeme vizuri na anataka vipimo virefu: matumizi ya mafuta kwa saa, au uvumilivu wa injini iliyofanyiwa ukarabati.

## 4. Gurudumu zito

Hii haina breki wala mkono. Injini inaliharakisha gurudumu zito la chuma, na wewe unapima linavyopata kasi. Diski ya chuma yenye kipenyo cha milimita 400 na unene wa milimita 50 ina kilo 49 hivi, na inashia yake, yaani ukaidi wake wa kubadilishwa mwendo, ni karibu kilo 1 mita mraba. Kutoka mizunguko 2,000 hadi 3,600 inameza kilojuli 48. Ikichukua sekunde 14, wastani wa nguvu ni kilowati 3.5 kasoro kidogo.

Joto. Wakati wa kupima, ni kama halipo. Nishati inakaa ndani ya gurudumu na itatoka kwenye breki ya kulisimamisha, ambayo wengi husahau kuijenga.

Tabia ya mzigo. Gurudumu halishindani na injini, linaiacha ipande. Ndiyo maana katika sekunde chache unapata mchoro mzima. Lakini huwezi kusimama kwenye mizunguko 2,800 ukageuza skrubu ya kabureta na kusikiliza.

Ukweli wa namba. Kwa kulinganisha kabla na baada, sioni mpinzani wake: chuma hakibadiliki kati ya leo na kesho. Kwa thamani halisi kuna kazi zaidi. Sehemu ya nguvu inaharakisha vyuma vya injini yenyewe, na beringi na hewa vinachukua chao. Liache gurudumu lipungue kasi lenyewe, lirekodi, na utapata upotevu wa kuongeza. Klachi inayoteleza pia itaharibu mwanzo wa mchoro.

Ujenzi. Vyuma ni vichache, ila kila kimoja kikerezwe na kusawazishwa kwa uangalifu mkubwa. Unahitaji pia sensa na programu ya kurekodi muda wa kila mzunguko.

Hatari. Hapa naomba usome polepole. Diski hiyo kwenye mizunguko 3,600 imebeba kilojuli 70, sawa na gari la tani moja linalokwenda kilomita 43 kwa saa, na iko hatua mbili kutoka kwenye magoti yako. Ukingo wake unakwenda mita 75 kwa sekunde. Usitumie puli ya chuma cha kumimina kwa kazi hii. Kwa desturi puli hizo haziruhusiwi kuzidi mita 30 hivi kwa sekunde. Tumia bamba la chuma zima lisilo na ufa wala kiraka cha kuchomelea, shafti nene, na kinga ya chuma iliyofungwa sakafuni. Ukishindwa kujenga kinga, usijenge gurudumu.

Anayefaa. Mwenye injini za mbio anayejaribu ekzosi na kabureta, na anayeweza kufika kwa mkerezaji mzuri.

Umeona nimeiacha breki ya maji, ile ambayo Mwingereza William Froude aliitengeneza mwaka 1877. Kwa tabia ya mzigo ni bora sana na inapoza vizuri, lakini vikombe vyake vya ndani vinahitaji kumiminwa au kukerezwa kwa namna ambayo karakana nyingi haziwezi. Ukiipata iliyotengenezwa tayari, ichukue.

## Kosa la mizunguko

Kosa moja linaharibu njia zote nne kwa usawa. Injini nyingi ndogo za mipigo minne zinatoa cheche kila mzunguko, ingawa zinawaka mara moja kwa mizunguko miwili. Kipimo cha mwendo kinachosoma waya wa plagi, kikidhani kuna cheche moja kwa mizunguko miwili, kitakuonyesha mara mbili ya mwendo wa kweli, na nguvu itaongezeka maradufu kwenye karatasi. Hakikisha kwa kipimo cha mwanga na kipande cha utepe unaong'aa kwenye shafti. Na kama kuna mkanda kati ya injini na breki, tumia mwendo wa breki pamoja na torki ya breki. Usichanganye na mwendo wa injini.

Andika pia joto la hewa na presha ya siku hiyo. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo vipimo vya siku au mahali tofauti havilinganishwi hivihivi.

## Uchague nini?

Kama unataka kujua tu injini kuukuu bado ina nguvu zake, jenga breki ya msuguano. Pima kwa sekunde kumi kumi, iache ipoe, rudia mara tatu.

Kama kazi yako ni kurekebisha, na unataka kusikia injini ikibadilika kwenye mwendo uleule, pampu ya mafuta itakulipa kila senti. Jenereta yenye sumaku inayolishwa na betri inafaa pia kama una moja tayari.

Kama unalinganisha vipuri na hujali sana kama ni kilowati 3.8 au 4.1, gurudumu zito litakuonyesha tofauti ndogo ambazo breki itazificha kwenye mtetemo. Sharti ni ile kinga.

Kama unafundisha vijana, anza na breki ya kamba: ngoma, kamba, uzito upande mmoja na mizani ya springi upande wa pili. Tofauti ya kani hizo mbili mara nusu kipenyo cha ngoma, ukiongeza nusu ya unene wa kamba, ni torki. Wanaiona kwa macho.

Na kama bado hujaamua, jenga kwanza meza, beringi za kubebea, mkono wa milimita 487 na mizani. Ning'iniza ndoo yenye lita mbili za maji kwenye mkono, pale unapogusa mizani, ukiwa umeshaondoa uzito wa ndoo yenyewe, na uhakikishe mizani inasoma kilo mbili. Sehemu hizo zitatumika vilevile chini ya breki, pampu au jenereta, na unaweza kuanza na kaliperi ya pikipiki wikendi hii.